Kufunga waya wa klachi ya kompresa ya AC, hatua kwa hatua, bila kuunguza swichi wala kompresa

Mwezi huu gari nne zimeletwa kwangu hapa Tanga na ugonjwa ule ule. Mtu kanunua kompresa ya kufungia, kondensa mpya (ile redieta ya AC inayotoa joto nje), gesi imejazwa vizuri kabisa, alafu AC inapoza asubuhi tu, ikifika saa saba mchana imekata, jioni jua likishuka inarudi yenyewe. Moja kati ya hizo, Hiace ya abiria, swichi ya AC kwenye dashibodi ilikuwa imeyeyuka mpaka plastiki imeng'ang'ania kidoleni.

Zote nne gesi ilikuwa sawa na kompresa nzima. Ubovu ulikuwa kwenye waya wa klachi, na zote zilifungwa kwa njia moja: waya umetoka kwenye swichi ukaenda moja kwa moja kwenye klachi, hakuna rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), hakuna fyuzi ya peke yake, na ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri) imeachiwa bodi ya gari ijitafutie. Ndo maana nimeamua niandike yote hapa, taratibu, mtu asome akiwa na spana mkononi.

Haya ni kwa gari za volti 12 ambazo hazikuja na AC au AC yake ilishang'olewa ikafungwa nyingine. Kama gari yako ina AC ya kiwandani na kompyuta ya injini ndo inayoamrisha klachi, usikate waya wake ukaweka wa kwako. Na kompresa zisizo na klachi kabisa, zile zinazoongozwa na valvu ya umeme, siyo za mwongozo huu.

## Kwanini inakubali asubuhi na kugoma mchana

Elewa hili kwanza maana hatua zote zinatoka hapa.

Ndani ya klachi kuna koili ya shaba. Ikipata umeme inakuwa sumaku, inavuta sahani ya mbele inagusana na pulei, kompresa inazunguka. Tuchukue koili ya omu 3.6, kwa volti 12 inakula ampia 3.3. Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja, kwahiyo koili ikitoka digrii 25 ikafika 105 (chini ya boneti mchana wa kaskazi hiyo ni kawaida) ile 3.6 inakuwa 4.7. Umeme unashuka mpaka ampia 2.5. Hapo bado klachi nzima inashika.

Sasa ongeza waya mwembamba, swichi iliyochoka na ethi yenye kutu, vyote hivyo vikala volti moja na nusu. Unabaki na ampia 2.2. Na nguvu ya sumaku haishuki sawasawa na umeme, inashuka kwa mraba wake, yani unabaki na chini ya nusu ya nguvu uliyokuwa nayo asubuhi. Sahani inateleza, inachemka, inasuguana mpaka rangi yake inageuka bluu, na mwenye gari anaambiwa gesi imeisha. Anajaziwa tena. Hii inaniuma sana, maana watu wanalipia gesi mara tatu kwa kosa la waya wa mita 3.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua boneti

- Rilei ya volti 12, ampia 30 au 40, na soketi yake. Ukipanga na feni ya kondensa, chukua mbili.
- Kishikio cha fyuzi chenye mfuniko usiopitisha maji, na fyuzi ya ampia 10. Chukua na za akiba.
- Waya wa magari (nyuzi nyingi laini, siyo ule mgumu wa nyumba) wa milimita 2.5 za mraba kwa njia ya nguvu na ethi, na wa milimita 1 kwa njia ya amri (njia hizi nimezieleza hatua ya 2). Rangi tofauti tofauti.
- Dayodi moja (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu), namba 1N5408.
- Terminali za kubana na praizi yake, terminali za duara kwa ajili ya ethi, mpira wa kusinyaa kwa moto, na raba ya kupitishia waya kwenye bati.
- Multimita na testa ya taa.
- Swichi ya presha na themostati ya evaporeta (ile redieta ndogo ya baridi ndani ya dashibodi), kama hazikuja na seti yako.
- Msasa, na mafuta ya mgando. Ndio, yale yale ya kujipaka.

Usianze kazi kabla hivi havijakamilika. Mtu akikosa fyuzi anasema ntaiweka kesho, na hiyo kesho ndo gari inakuja inanuka plastiki.

## Tahadhari

Toa hasi ya betri kwanza. Waya zenye soketi ya njano chini ya dashibodi ni za eabegi, usizipime, usizichomoe.

Usifungue mpira, nati wala swichi yoyote iliyo kwenye bomba la gesi. Hata gari ikiwa imezimwa tangu jana, gesi ya R134a kwenye joto la digrii 30 inakaa karibu PSI 95 hadi 100 pande zote. Ikikupiga jichoni inagandisha. Swichi ya presha kama haijafungwa, mwachie fundi gesi aifunge siku anayovuta vakyumu, wewe mwachie waya tayari.

Injini ikiwashwa hakuna kanzu, hakuna leso inayoning'inia, hakuna mikono mirefu karibu na beliti. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata wewe hujagusa kitu.

## Hatua ya 1: Pima klachi kabla hujavuta hata waya mmoja

Gusanisha ncha za multimita kwanza uone inasoma ngapi yenyewe, hiyo utatoa kwenye jibu. Kama klachi ina waya mmoja pima kati ya waya na bodi ya kompresa. Kama ina waya mbili pima kati ya hizo mbili. Koili nzima nyingi zinasoma kati ya omu 3 na 5.

Ikisoma chini ya 2 koili imeungana ndani, inaweza kula fyuzi, usiendelee. Ikiwa haisomi kabisa koili imekatika, ingawa kompresa zingine zina fyuzi ndogo ya joto pale pale kwenye koili na inaweza kuwa ndo iliyokufa, na ikifa ujue hiyo kompresa ilishawahi kuchemka sana.

Kagua na uwazi kati ya sahani na pulei kwa zile bapa za kupimia uwazi. Kompresa nyingi zinataka kati ya milimita 0.4 na 0.8. Ikizidi hapo, sumaku inashindwa kuivuta ikiwa ya moto hata waya ziwe nzuri vipi. Kuna vishimu vidogo (vibati vyembamba vya duara) nyuma ya sahani, ukipunguza kimoja uwazi unapungua. Ukishapunguza zungusha pulei kwa mkono, isikwaruze popote.

Alafu chukua waya wenye fyuzi ya ampia 10 kutoka chanya ya betri, gusa waya wa klachi kwa sekunde moja, injini ikiwa imezimwa (hasi ya betri irudishe kwa jaribio hili kisha uitoe tena, na ufanye hivyo hivyo kwenye vipimo vya testa vya hatua ya 2 na 3).

Ukifanikiwa: unasikia "taa!" moja kavu na sahani inarukia pulei. Sauti ikiwa nyonge, kama mtu anagonga kadibodi, rudi kwenye uwazi.

## Hatua ya 2: Tafuta umeme wa amri

Hapa ndo penye siri ya kazi nzima. Kuna njia mbili na usizichanganye. Njia ya nguvu inatoka betri kwenda klachi kupitia rilei. Njia ya amri ni nyembamba, inapita kwenye swichi zote na kazi yake ni kuiambia rilei tu "washa". Rilei yenyewe inakula kama ampia 0.2 hivi, kwahiyo swichi ya dashibodi haibebi mzigo wa klachi tena na haiyeyuki.

Amri inatakiwa ianzie kwenye umeme unaokuja pale tu ambapo switi ya gari (ile ya ufunguo) imewashwa NA blowa (feni inayopuliza hewa ndani ya gari) inazunguka. Blowa ikiwa imezimwa alafu kompresa inafanya kazi, evaporeta inaganda barafu, na kwa unyevu wa huku kwetu pwani haichukui muda.

Kwenye Toyota nyingi za zamani swichi ya blowa inakata upande wa hasi, siyo chanya. Ukichukua umeme kwenye waya wa swichi bila kupima utashangaa mambo yanafanya kinyume. Chukua testa ya taa utafute waya ambao unawaka blowa ikiwa namba 1, 2, 3 na unazima blowa ikizimwa. Mara nyingi utaupata kwenye tokeo la rilei ya blowa yenyewe.

Weka fyuzi ndogo ya ampia 3 au 5 hapo hapo ulipoutolea.

Ukifanikiwa: testa inawaka blowa ikiwashwa, inazima blowa ikizimwa, na inazima switi ikitolewa. Yote matatu. Ikifeli hata moja tafuta waya mwingine.

## Hatua ya 3: Pitisha amri kwenye walinzi wake

Mpangilio ni huu, kila kimoja kinafuata kingine kama shanga kwenye uzi:

umeme wa blowa → swichi ya AC → themostati → swichi ya presha → pini 86 ya rilei

Yoyote kati yao akisema hapana, klachi inaachia. Hiyo ndo maana ya kuviweka kwenye mstari mmoja.

Themostati ina kimrija chembamba cha shaba, kichomeke kati ya mapezi ya evaporeta na usikikunje kwa kona kali, kikivunjika gesi yake ndogo inatoka na themostati imekufa. Yenyewe inakata evaporeta ikikaribia kuganda, digrii 1 hadi 3 hivi, na inarudisha ikipanda kidogo.

Swichi ya presha inakata gesi ikishuka chini ya karibu PSI 28 hadi 30, na inakata tena presha ikipanda kupita kiasi, PSI 380 hadi 460 kutegemea na swichi yenyewe. Naomba unisikilize hapa. Usiiunganishe waya mbili zake pamoja eti ili AC iwake. Mafuta ya kompresa yanasafiri na gesi, gesi ikiisha mafuta hayarudi, kompresa inazunguka kavu na inajam. Na ikijam chuma kinasagika na kinatembea kwenye mfumo mzima, mpaka kondensa unatupa. Kati ya zile gari nne, moja nilikuta imefanyiwa hivyo, waya mbili zimesokotwa na kufungwa tepu nyeusi. Kwa kupima tu unaweza kuziunganisha sekunde chache ujue kama swichi ndo mbovu, alafu unatoa.

Ukipitisha waya kutoka dashibodi kwenda kwenye injini, tundu la bati lazima liwe na raba. Bati linakata ganda la waya polepole kwa mtikisiko, na barabara zetu mnazijua.

Ukifanikiwa: switi, blowa na AC zikiwashwa, testa inawaka kwenye waya unaoingia pini 86. Zima AC, inazima. Kama gesi haijajazwa bado haitawaka, na hiyo ni sahihi, swichi ya presha inafanya kazi yake.

## Hatua ya 4: Rilei na njia ya nguvu

Soma namba chini ya rilei, usifuate rangi za soketi maana kila soketi na rangi zake.

Pini 86 ni amri. Pini 85 ni ethi. Pini 30 ni umeme wa betri uliopita kwenye fyuzi ya ampia 10. Pini 87 inaenda klachi.

Kuna rilei zenye pini ya tano imeandikwa 87a. Iache wazi. Hiyo inapitisha umeme rilei ikiwa imelala, kwahiyo ukiweka klachi hapo AC inawaka ukiizima, na usiku mzima klachi inakula ampia 3 na kitu. Masaa kumi ni ampia-saa zaidi ya 30, betri ya kawaida ya gari ndogo asubuhi hairudi. Na 86 iwe chanya siku zote, kwasababu rilei zingine zina dayodi ndani na ukigeuza unaziunganisha chanya na hasi.

Fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 30 kutoka kwenye nguzo. Fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu. Ukiiweka kule karibu na klachi, mita mbili za waya nyuma yake hazina mlinzi, na zikichubuka zikagusa bodi ni moto.

Rilei ifunge pini zikiwa zinaangalia chini ili maji yasikae ndani. Waya wa kwenda klachi usipite karibu na ekzosi, na uuachie ulegevu kidogo kabla ya kompresa kwasababu injini inacheza. Nimeona waya umevutwa kama uzi wa gitaa, baada ya wiki mbili umekatikia ndani ya ganda, kwa nje unauona mzima kabisa.

## Hatua ya 5: Ethi

Hii ndo hatua ambayo watu wanairuka, na kwa sisi wa pwani ndo inayoua AC nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Klachi ya waya mmoja inapata ethi kupitia bodi ya kompresa. Bodi imekaa kwenye breketi. Breketi ya kufungia imechongwa na mtu wa kuchomelea, imepigwa rangi nzuri nyeusi, na rangi haipitishi umeme. Kwahiyo ethi yako inapita kwenye meno ya bolti tu. Mwaka wa kwanza inakubali, alafu hewa ya chumvi inaingia. Gari zinazolala Raskazone au zinazoshinda Deep Sea kubeba samaki nazifungua nakuta terminali ina unga wa kijani, ukiigusa na kucha unadondoka kama chokaa, na chini yake shaba imebaki nyuzi tatu nne.

Fanya hivi. Chukua waya wa milimita 2.5, weka terminali ya duara, sugua bodi ya kompresa kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti. Upande wa pili ufunge kwenye bloku ya injini pale inapofungwa ethi kubwa ya betri, au moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Pini 85 ya rilei nayo ipate chuma kisafi, siyo skrubu ya plastiki ya taa.

Kaza kwanza chuma kwa chuma, ALAFU ndo upake mafuta ya mgando juu kufunika yote. Ukipaka kabla ya kukaza si mbaya sana ila kukaza kwanza ni uhakika zaidi.

Klachi ya waya mbili, mmoja ndo ethi, upeleke hapo hapo. Kwa koili ya kawaida haijalishi upi chanya upi hasi, ila kama ndani ina dayodi yake ukigeuza fyuzi inakatika hapo hapo. Fyuzi ikikatika sekunde ya kwanza, geuza waya kabla hujalaumu kompresa.

## Hatua ya 6: Dayodi

Koili ikikatiwa umeme inarudisha mshindo wa volti nyingi kwa muda mfupi sana. Mshindo huo unachoma sura zinazogusana ndani ya rilei na unaweza kusumbua redio na kompyuta ya injini. Dayodi inaumaliza pale pale.

Iunge sambamba na koili, karibu na klachi: upande wenye mstari uende kwenye waya wa chanya, upande mwingine kwenye ethi. Ukigeuza umetengeneza shoti, fyuzi inakata. Choma risasi kwenye maungio, vaa mpira wa kusinyaa, usiache miguu yake wazi. Kama klachi yako inayo ya kwake tayari, ruka hatua hii.

## Hatua ya 7: Feni ya kondensa

Rilei ya pili, fyuzi yake yenyewe ya ampia 20 au 30 kulingana na feni, amri unaichukua kutoka pini 86 ile ile ili feni na klachi ziwake pamoja. Usiiunge feni kwenye 87 ya klachi, inakula umeme mwingi na inaiba volti za klachi. Bila feni gari ikisimama presha inapanda mpaka swichi inakata, na utadhani waya ndo mbovu.

## Hatua ya 8: Washa

Rudisha hasi ya betri. Washa injini, acha itulie silensa (mzunguko wake bila kukanyaga mafuta). Blowa namba 2, bonyeza AC. Usikie rilei "tik", alafu klachi "taa", silensa inashuka kidogo na kurudi. Ikishuka mpaka injini inataka kuzima, gari inahitaji kifaa cha kupandisha silensa, na hicho kinaweza kupata amri kutoka 87 kwasababu kinakula kidogo.

Zima AC, washa, zima, mara tano. Zima blowa peke yake ukiacha AC imebonyezwa: klachi lazima iachie.

## Hatua ya 9: Pima ikiwa ya moto

Watu wanaishia hatua ya 8 wanafunga boneti. Hapana. Endesha gari mpaka ichemke kweli, mi huwa natoka mjini mpaka Pongwe na kurudi, mchana, AC ikiwa imewashwa muda wote. Ukifika usizime. Fungua boneti upime volti, ncha za mita ukizishika mbali na beliti.

Kwanza betri, chanya kwa hasi. Tuseme 13.8. Kisha kati ya waya wa klachi na bodi ya kompresa. Tofauti isizidi nusu volti, yani usome 13.3 au zaidi. Mwisho weka ncha moja kwenye bodi ya kompresa na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri: isome chini ya 0.2.

Hiyo ya mwisho ikisoma 0.5 au 0.8, ethi mbaya, rudi hatua ya 5. Ethi ikiwa nzuri lakini klachini volti zimepungua, gusa kwa mkono kishikio cha fyuzi na soketi ya rilei. Penye joto ndo penye terminali iliyolegea. Volti zote zipo, sahani bado inateleza? Uwazi. Rilei haigongi kabisa? Fuata shanga za hatua ya 3 moja moja na testa mpaka upate pale taa inapozimika. Klachi inawaka na kuzima kila sekunde chache, hapo mara nyingi waya zako ziko sawa na gesi ndo kidogo, mpigie fundi gesi.

Ile Hiace niliyosema mwanzo, kabla sijagusa kitu klachi ilikuwa inapata 11.2 wakati betri inasoma 13.9. Nikaweka rilei, waya mpya, ethi ya kwake. Saa nane mchana imetoka Pongwe imejaa watu, klachini 13.6, na sahani haijateleza hata kidogo.